Ya Kale au Nakala? Mwongozo Kamili wa Kukagua Bunduki ya Midomo Miwili Visiwani

Huku visiwani Zanzibar bunduki ya midomo miwili humfikia mtu kwa njia mbili. Ama mzee amefariki, warithi wanagawana shamba la mikarafuu na vyombo vya ndani, na nyuma ya kabati inatoka bunduki ya marisau (punje ndogo za risasi) aliyokuwa akifukuzia kima na kunguru. Ama mtu ana kibali chake halali, anataka kununua, na hajui achukue ya zamani ya Kiingereza yenye nakshi au nakala mpya iliyotoka Hispania, Italia au Uturuki. Wote wawili huuliza suali moja: "Ya kampuni gani?" Hapo ndipo wengi wanapopotea. Jina la kampuni huandikwa juu, mahali pa kuonekana. Yanayoamua kama bunduki itakutumikia au itakupasukia mkononi yameandikwa chini ya mitutu, mahali usipopaona mpaka uifungue.

Karatasi kwanza

Kibali cha silaha hutolewa kwa mtu, na hakirithiwi. Mrithi anayeitoa bunduki ya marehemu kabatini na kwenda nayo kwake anabeba silaha isiyo na kibali, hata kama ni mtoto wa pekee na nia yake ni safi kabisa. Thamani ya bunduki imo ndani ya mirathi na itahesabiwa pamoja na mali nyengine. Kuishika ni jambo jengine, nalo liko kwa Polisi. Iacheni pale ilipo, fungeni mlango, na mmoja wenu aende kwa sheha, kisha kituoni, akiwa na hati ya kifo na kibali cha zamani kama kipo. Waombeni Polisi waje kuichukua wenyewe, au wawape maelekezo ya maandishi namna ya kuifikisha. Usiipakie kwenye daladala wala usiivushe kwa boti baina ya Mkoani, Pemba, na Malindi, Unguja, bila idhini iliyoandikwa. Kama imekaa miaka mingi bila kibali chochote, ulizeni utaratibu wa kuisalimisha. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa watu wa namna hiyo, na kujitokeza mwenyewe ni bora mara nyingi kuliko kukutwa nayo.

Ukaguzi wote ninaoueleza hapa chini ufanyike pale ambapo bunduki inashikwa kihalali: kwa muuzaji mwenye leseni, mbele ya ofisa wa Polisi, au kwako baada ya kibali kutoka kwa jina lako. Muuzaji anayekwambia chukua kwanza, karatasi zitafuata, ondoka dukani kwake.

Tena kibali cha bunduki hakimaanishi ruhusa ya kuwinda. Wanyama na ndege wa Zanzibar wanalindwa na sheria ya misitu ya mwaka 1996, na visiwa vyetu vina viumbe ambao ni wachache mno. Popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana kwengine kokote duniani, alikaribia kutoweka kabisa kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti anayolala. Amerudi kwa sababu watu wa vijiji kama Kidike waliamua kumlinda. Paa nunga naye yuko katika hali ngumu. Mwenye bunduki ya marisau ana wajibu mkubwa kwa viumbe hawa kuliko mwenye panga.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni tupu

Elekeza mitutu pahala pasipo na mtu, kidole kikae nje ya kifyatulio. Sukuma kwa kidole gumba ule mkono mdogo ulio juu ya mtambo (sehemu ya chuma yenye vyuma vya kufyatulia), kwa kawaida kuelekea kulia, na bunduki itakatika katikati. Tizama chemba zote mbili, yaani nafasi za kutilia risasi nyuma ya mitutu. Kisha tizama ndani ya mitutu mpaka mwisho, uone mwanga. Nyigu, udongo na matambara ya kusafishia niliyowahi kuyaona mitutuni mwa bunduki zilizokaa majumbani yangetosha kuupasua mtutu kwa risasi moja.

Gobori, ile inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, haifunguki, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa sababu haionyeshi kitu. Chukua kijiti kirefu cha mti, kitumbukize mtutuni mpaka kigote, tia alama pale mdomoni, kisha kilaze nje kando ya mtutu. Kikikomea sentimita kadhaa kabla ya mwisho wa mtutu, kule panapowekwa fataki, ndani mna kitu. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu hudumu miaka mingi sana na bado inawaka. Hapo usijaribu kuchokoa. Irudishe chini na umuite fundi wa silaha.

Ya kale ni ipi, na nakala ni ipi?

Umbo tunalolijua leo, mitutu miwili ubavu kwa ubavu inayokatikia katikati, lilianza Ufaransa katika miaka ya 1830 kwa bunduki za Casimir Lefaucheux wa Paris. Waingereza walizitizama kwa makini baada ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, na katika miaka hamsini iliyofuata mafundi wao wakaifikisha kazi hii ukingoni. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, wa kampuni ya Westley Richards ya Birmingham, walisajili mtambo wenye vyuma vichache uliofichwa wote ndani ya sanduku moja la chuma nyuma ya mitutu. Mwaka 1880 Frederick Beesley alisajili mtambo wa ubavuni ambao Purdey wa London wanautumia hadi leo. Kufika mwaka 1900 hapakuwa na jipya kubwa la kuvumbua.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: nakala nzuri ya leo, ndani yake, mara nyingi ni mtambo ule ule wa 1875 au wa miaka iliyofuata mara moja, uliotengenezwa kwa chuma bora zaidi. AYA ya mji wa Eibar, Hispania, iliyoanzishwa 1915, imejenga jina lake kwa bunduki zinazofuata Holland & Holland kwa mtambo wa ubavuni na Westley Richards kwa mtambo wa sanduku. Kuziita hizi bandia ni kuzionea. Ni bunduki kamili, zina jina lao, hazijifichi.

Kuna nakala za namna nyengine, zinazorudisha bunduki iliyokwisha kufa. Kiwanda cha Parker cha Meriden, Connecticut, ambacho bunduki zake zilipendwa mno Marekani, kilinunuliwa na Remington mwaka 1934, na baada ya vita vya pili vya dunia bunduki hiyo haikutengenezwa tena. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha Olin-Kodensha huko Japani kilitoa Parker upya, kwa uaminifu mkubwa hata vyuma vingi vya nakala vinaingia kwenye ya asili. Huko huko Connecticut, kampuni ya Connecticut Shotgun Manufacturing Company ilirudisha bunduki ya A. H. Fox. Nakala za aina hii ni ghali, na nyengine zimetengenezwa kwa uangalifu kuliko zile za asili za daraja la chini.

Zipo pia za kupasulia nazi, kama wasemavyo watu: fupi, nzito, zenye vigongo vya nje, zinazoiga bunduki za walinzi wa magari ya farasi. Ni kazi ya kiwanda tu, na kwa ulinzi wa shamba zinatosha.

La mwisho ni mapambo. Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, kando ya makasha na majambia, unaweza kukuta gobori au bastola iliyovishwa shaba na vipande vya mfupa, imechakazwa makusudi ionekane ya zama za masultani. Nyingi ni kazi mpya ya kutundikwa ukutani. Usitie baruti ndani yake kwa hali yoyote. Na hata ya kutundika, omba risiti na uulize Polisi kama inahitaji karatasi, kwa sababu mtutu ulio mzima ni mtutu.

Hatua ya pili: soma chini ya mitutu

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ningependa uipe muda kuliko hatua nyengine zote. Ondoa kipande cha mti kilicho chini ya mitutu, fungua bunduki, na mitutu itatoka. Igeuze. Karibu na chemba utaona sehemu mbili bapa za chuma, na juu yake zimepigwa mihuri midogo. Chukua kioo cha kukuzia na mwanga wa ubavuni, kisha piga picha kila muhuri.

Mihuri hii hupigwa na nyumba za majaribio, ambako bunduki hufyatuliwa kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi ili ijulikane kama inahimili. London ina nyumba yake chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637. Ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Ukiona maneno NOT FOR BALL, una bunduki ya mwisho wa karne ya 19 yenye mdomo uliobanwa (uliofanywa mwembamba ili marisau yasitawanyike haraka), na huenda ilijaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake. Ukiona NITRO PROOF, imejaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Tafauti ya maneno hayo mawili ndiyo tafauti ya kufyatua na kutofyatua. Bunduki ya baruti nyeusi ikitiwa risasi ya dukani ya leo inaweza kukaa kimya mara kumi na kupasuka mara ya kumi na moja.

Kanuni za Uingereza za mwaka 1954 zilileta muhuri wenye urefu wa chemba kwa inchi na presha kwa tani kwa kila inchi ya mraba. Za karibuni zaidi zina milimita na neno BAR, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za majaribio zinazofuatwa na nchi nyingi za Ulaya. Ua dogo la yungiyungi linamaanisha mtutu umejaribiwa kwa marisau ya chuma cha pua. Ukikosa ua hilo, tumia marisau ya madini ya risasi tu.

Za Ubelgiji zina herufi ELG ndani ya duara la yai, mhuri wa Liège. Zilikuja Afrika kwa wingi, na nyingi ni nzuri. Lakini mafundi na wafanyabiashara wa huko walikuwa na mtindo wa kupachika majina yanayofanana na ya Kiingereza. Maarufu zaidi ni W. Richards, ambayo mnunuzi wa haraka huisoma Westley Richards na kulipa bei ya Westley Richards. Ukiona jina la Kiingereza juu na ELG chini, amini ELG.

Za Hispania zina herufi ya mwaka tangu 1927, na za Italia zina alama ya mwaka kwa tarakimu za Kirumi tangu baada ya vita vya pili, kisha kwa herufi mbili tangu 1975. Alama hizi zinakuambia umri wa kweli wa bunduki, na zimewahi kuiumbua bunduki "ya babu wa babu" iliyotoka kiwandani mwaka ambao babu mwenyewe alikuwa keshafariki.

Marekani haina nyumba ya taifa ya majaribio. Kila kiwanda kilijipimia. Kwa hiyo Parker au Fox ya asili ikikosa mihuri ya namna hii haina kasoro kwa hilo peke yake. Lazima uende hatua inayofuata kwa ukali zaidi, basi.

Linganisha pia nambari. Iliyo kwenye mitutu, kwenye mtambo na kwenye kile kipande cha mti cha mbele zinapaswa kuwa moja. Kampuni kama Purdey, Holland & Holland na Westley Richards zina daftari za zamani, na ukiwaandikia kwa nambari wanaweza kukwambia bunduki ilitoka lini, ikiwa na mitutu ya urefu gani. Ukiambiwa ilitoka na mitutu ya inchi 30 na wewe umeshika ya 27, imekatwa, na ule mbano wa mdomoni umekatwa pamoja nayo.

Neno SLEEVED likiwepo, mitutu ya asili ilikatwa karibu na chemba na mipya ikachomekwa. Utaona mstari mwembamba ukizunguka mtutu, yapata inchi tatu kutoka chemba. Kwa mkusanyaji wa vitu vya kale thamani imeshuka sana. Kwa mtu anayetaka kuitumia, hii ni kheri: mwili wa kale, mitutu mipya iliyojaribiwa upya, na bei ya chini. Mimi ningeichukua kabla ya ya asili yenye mitutu iliyochoka.

Hatua ya tatu: mitutu yenyewe

Shika mitutu ikiwa peke yake, imefungwa uzi kwenye ndoano yake ya chini, ining'inie. Igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kwa sauti safi inayodumu kama kengele, zile nyuti za chuma zinazoiunganisha bado zimeshikwa na lihimu yake. Ikitoa mgogoto au mzizimo, lihimu imeachia mahali, na unyevu wa bahari umeshaingia ndani kusikoonekana.

Kisha elekeza mdomo wa mtutu dirishani na uangalie kutoka chemba. Mwanga huchora duara ndani ya duara mpaka mwisho. Duara likivunjika, kuna mbonyeo. Pakiwa na kivuli cha pete nzima, mtutu umewahi kuvimba, na mtutu uliovimba haufai tena kufyatuliwa hata ukipendezaje. Vishimo vya kutu utaviona kama madoa meusi yasiyotoka kwa kusafishwa. Karibu na mdomo vinaweza kuvumilika. Karibu na chemba, ambako presha ni kubwa kabisa, mimi sivivumilii.

Muuzaji atakwambia vishimo vinasuguliwa na ndani inang'ara. Ni kweli, na ndipo penye mtego. Kila kusugua kunapunguza unene wa ukuta wa mtutu. Biashara ya Uingereza kwa kawaida huuona unene wa nusu milimita kuwa ndiyo mpaka wa chini, na upimaji wake unahitaji kipimo maalumu kinachofika katikati ya mtutu. Kalipa ya kawaida inapima mdomoni tu, na mdomoni si pembamba. Mtutu wa kipimo cha kumi na mbili una upana wa ndani wa kiasi cha milimita 18.5, ukisuguliwa ukapita ule uliopigwa muhuri kwa zaidi ya kiasi kinachoruhusiwa, unahesabika umetoka nje ya majaribio, na Uingereza hairuhusiwi kuuzwa mpaka ujaribiwe tena. Mitutu inayong'ara kama kioo ndani ya bunduki ya miaka mia, omba vipimo vilivyoandikwa.

Rangi ya nje nayo inazungumza. Mitutu ya kale ilitiwa weusi kwa kufanyizwa kutu polepole na kusuguliwa, siku baada ya siku. Weusi wa kiwandani wa leo hupikwa kwenye dawa ya moto ya magadi makali, na dawa hiyo hula lihimu laini ya nyuti za kale. Kwa hiyo bunduki ya 1905 yenye weusi mpya unaong'ara kibuluu, na maandishi ambayo kingo zake zimekuwa laini, imepitia mikono isiyojua.

Neno kuhusu mitutu yenye mawimbi, ile ya kidamaski. Ilitengenezwa kwa kusokota vipande vya chuma laini na chuma cha pua na kuvifua vikashikana, na Liège ilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Ni mizuri kuliko kitu chochote kilichotoka kiwandani baada yake. Baadhi yake ina muhuri wa NITRO na inafyatuliwa hadi leo. Yetu ya huku, iliyokaa kwenye hewa ya chumvi bila mafuta, mimi nashauri ibaki ukutani au makumbusho, kwa sababu kutu huweza kupita kwenye viungo vya msokoto ndani kwa ndani. Baadhi ya nakala za bei rahisi huchorwa mawimbi juu ya chuma cha kawaida kwa tindikali. Tizama chini, penye sehemu bapa, na mahali palipochakaa: mawimbi ya kweli yapo pande zote na hayafutiki, ya kuchora hukoma ghafla.

Hatua ya nne: mtambo na mti

Hapa pana haraka zaidi. Rudisha mitutu bila kile kipande cha mti cha mbele, funga, shika shingo ya kitako na utikise. Ukisikia mlio wa kugonga, mitutu imeachana na ukuta wa mtambo. Tizama pia upande kwa mwanga nyuma. Hali hiyo inatengenezeka na fundi wa kweli. Ni kazi ya kujaza chuma na kupiga tupa, na wapo wanaoificha kwa kupondaponda kwa nyundo. Alama za nyundo kwenye ndoano ni jibu tosha.

Jaribu vifyatulio kwa risasi bandia za kujaribia, zisizo na baruti, usifyatue chemba tupu. Cha mbele ni cha mtutu wa kulia. Weka kizuizi cha usalama, vuta vyote viwili; kisha ondoa kizuizi bila kugusa vifyatulio. Chochote kikilia hapo, irudishe. Skurubu zilizochanika vichwa ni ushahidi wa bisibisi ya nyumbani.

Kitako cha mjozi hupasuka kwanza nyuma ya mtambo, penye mti mwembamba. Mti mweusi ulioshiba mafuta umelainika, na sababu yake kwetu ni moja: watu wanaisimamisha bunduki kitako chini baada ya kuipaka mafuta, yanachuruzika miaka thelathini. Isimamishe mdomo chini.

Hatua ya tano: risasi zitakazoingia

Wengi huacha jambo hili mpaka bunduki iko nyumbani. Bunduki nyingi za Kiingereza za kale zina chemba ya inchi mbili na nusu, yaani milimita 65. Risasi nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70, na nyengine 76. Risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila shida yoyote, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ikifyatuliwa, mkunjo unafunguka na hauna pahala pa kulala, njia inabana na presha inapanda. Kuingia kwa risasi hakuthibitishi lolote. Urefu ulioandikwa kwenye ganda ni wa risasi iliyokwisha funguka, na huo ndio wa kulinganisha na chemba.

Kama nyumbani mna bunduki ya kipimo cha kumi na mbili na ya ishirini, ambayo ni nyembamba zaidi, zihifadhi risasi zake mbali mbali kwa kufuli mbili. Ya ishirini ikitiwa kwa makosa kwenye ya kumi na mbili inateleza ndani na kukwama mbele ya chemba. Mtu anaona chemba tupu, anatia ya kumi na mbili nyuma yake, na mtutu unapasuka penye mkono wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya ishirini hutiwa rangi ya manjano.

Sasa achukue ipi?

Kwa mwenye shamba Micheweni au Makunduchi anayetaka bunduki ya kutumia, jibu langu ni nakala ya kisasa iliyotengenezwa vizuri, au ya Hispania ya miaka ya 1960 na kuendelea yenye chemba ya milimita 70 na mihuri iliyo wazi. Risasi zake zinapatikana kwa wauzaji wenye leseni, vipuri vinaagizika, na bei ya kuiua kwa kutu haitakuliza. Ya kale ya Kiingereza inataka fundi, na fundi wa kazi hiyo hatunaye jirani. Kuipeleka Ulaya na kuirudisha ni vibali juu ya vibali.

Ya kale ninaipa nafasi kwa watu wawili. Mmoja ni mwenye mapenzi ya kweli na kazi ya mkono, aliye tayari kulipia vipimo na kuagiza risasi fupi za presha ndogo. Ukiinyanyua bunduki nzuri ya London ya mwaka 1910 utahisi kitu ambacho nakala chache zimekifikia: uzito wote umekaa baina ya mikono, na inapanda begani yenyewe. Mafundi waliifanya hivyo kwa tupa na moshi wa taa, wakipunguza chuma pasipohitajika mpaka gramu ya mwisho, na nasikitika kila nikiona kazi ya namna hiyo imeoza sandukuni. Wa pili ni mrithi anayetaka kumbukumbu ya mzee. Huyo asijishughulishe kuifyatua. Aulize Polisi uwezekano wa kuifanya isifyatue tena kwa njia inayotambuliwa, na kabla ya hapo apige picha za mihuri yote. Ikiwa ni kazi ya nyumba kubwa ya London, aandikie kampuni kwanza, kwani kutoboa mtutu wa thamani hakurudi nyuma.

Kuihifadhi kwenye hewa ya chumvi

Wakati wa masika na wa kusi chuma hufanya kutu usiku mmoja. Jasho la kiganja lina chumvi pia, kwa hiyo futa kila ulipogusa, kila unapogusa. Tumia mafuta membamba ya mashine au ya silaha. Mafuta ya nazi yanaganda na kunata ndani ya mtambo, yaache jikoni. Wapemba watafurahi kujua kwamba mafuta ya kupakia panga za Kijapani, yale ya asili, hutiwa tone la mafuta ya karafuu. Ni tone ndani ya mafuta mengine mepesi. Mafuta ya makonyo matupu ni makali, yatakula vanishi ya kitako.

Ganda la ngozi au mkoba wa kitambaa ni wa safari tu, kwani unashika unyevu na kuufunga kwenye chuma. Weka bunduki ndani ya kabati la chuma lililofungiwa ukutani, na vifuko vya kukausha unyevu ubadilishe kabla havijashiba. Risasi zikae kwenye sanduku jengine lenye ufunguo mwengine. Toa mitutu mara moja kwa mwezi, pitisha kitambaa kikavu kisha chenye mafuta, futa sehemu bapa zenye mihuri, na linganisha na zile picha ulizopiga siku ya kwanza. Doa jipya karibu na chemba likionekana, bunduki isifyatuliwe tena mpaka ipimwe.